Tableti ya Kliniki Imenianika

Mwenzangu, kesho ukienda kliniki ile tableti ya utafiti usiiguse!! Usiiguse kabisa!

Yule dada wa utafiti kanipa nijibu maswali ya afya. Nikamwambia kusoma kwangu ni kwa kuvuta. Akasema, "Itakusomea yenyewe mama, ni siri yako."

Siri gani! Mama mkwe yuko pembeni yangu kwenye benchi, kampakata mtoto.

Swali likaja kwa kunong'ona, nikatega sikio. Nikabonyeza ndiyo.

Weee! Ikapaza sauti benchi zima lisikie: "Umejibu ndiyo. Unatumia uzazi wa mpango bila mumeo kujua."

UMEJIBU NDIYO!! Mbele ya mkwe!

Na yule dada anacheka, eti, "Samahani mama, sauti ya majibu huwa inajipandisha." Inajipandisha kama presha? Nilitamani nimrushie nayo.

Mama mkwe kanigeukia: "Kumbe mjukuu wa pili namngoja bure! Nani kakupeleka kuchoma sindano za kuzuia mimba?"

Sijakutaja.

Lakini hajaridhika. Sasa kakaa sebuleni anamngoja mwanawe, na kesho anasema atakusindikiza wewe kliniki, asikie nawe tableti itakutangazia nini.

Mwambie unaumwa.