Kwa Arvid Tollefsrud, wa Kiwanja Namba Ishirini na Mbili

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ulipotoka jikoni kwenda bandani kuangalia upepo wa magurudumu ya trela. Ulisema, "Wewe mimina tu kahawa, Verna, nakuja." Mama akamimina. Safari yenu ya Arizona ilikuwa kesho yake. Nguo zilishapangwa, na mbegu zako za alizeti za kutafuna njiani zilikuwa tayari kwenye kopo. Moyo wako ukasimama palepale kando ya gurudumu la mwisho, na baridi ile Mama hakwenda popote.

Matangazo ya kumbukumbu gazetini, kama hili, huwa ya majonzi, na majonzi tunayo, usidhani. Lakini tuna habari pia, na siku nne hizi imetuwasha ulimi hatukaliki. Mimi Lorna, bintiyo, ndiye niliyeshika kalamu kwa niaba ya wote. Mama amesoma kila mstari na kufuta miwili aliyosema ina machozi mengi mno.

Tuanze na wema wako, maana ndio desturi. Theluji ilipofunga barabara ulikuwa unawasha trekta kabla hakujapambazuka, ukifungua njia ya kila mjane wa kuanzia kwetu hadi kanisani, ya kwetu ikabaki ya mwisho. Mama alikuwa akinung'unika kwamba kwa mwendo huo naye itabidi awe mjane ndipo afunguliwe njia mapema. Maneno hayo ameyakumbuka sana mwaka huu. Tunataka ujue kwamba Darrell huja kumfungulia saa kumi na mbili asubuhi, wa kwanza kabisa, wala hajaambiwa na mtu.

Ulilima ngano na alizeti miaka arobaini na mitano. Siku ulipotimiza sitini na minne ulimkabidhi Darrell funguo za kombaini, na wiki hiyohiyo ukarudi kutoka mjini unavuta nyumba nzima nyuma ya pikapu, ndilo trela hili. Ilikuwa na jiko, kitanda, hata pazia za maua. Mama alisimama mlangoni na unga mikononi. "Arvid, hii nini tena?"

"Hii ni dawa ya Januari," ukamjibu.

Na ilikuwa dawa kweli. Majira kumi na matano ya baridi mliteremka mpaka Arizona, kwenye ile kambi ya jangwani ambako kila mtu ni mkulima aliyekimbia barafu. Kazi yako ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumpigia Darrell simu na kumuuliza swali moja tu: "Baridi kiasi gani huko?" Huku Darrell anavunja barafu kwenye maji ya ng'ombe, pua haisikii. Akishakujibu, ulipita kiwanja hadi kiwanja na kaptula yako, miguu myeupe kama maziwa, ukitangaza kwa furaha: "Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri kwetu leo, jamani." Hukuwa na haya hata chembe.

Lakini kilichokupa jina kule ni rivasi. Wasomaji wasiojua mambo ya kambi wajue hivi: mgeni akifika na trela lake, kambi nzima hutoka na viti vya kukunja, hukaa, humtazama anavyohangaika kuliingiza kinyumenyume kwenye kiwanja chake. Mume anazungusha usukani, mke yuko nyuma anapunga mikono, na dakika kumi hazipiti hawasemezani. Ndoa nyingi zimetikisika hapo. Yenu haikutikisika, kwa sababu mlikuwa na sheria mliyoiweka wenyewe siku ya kwanza: wa ndani haulizi, wa nje hapigi kelele.

Mama alisimama nyuma upande wa kushoto, pale kioo cha dereva kinapofika, akisema kwa mikono peke yake. Akigusa kofia, unasimama. Wewe ukaliingiza mara moja tu, bila kusita, ukashuka unajipangusa vumbi ambalo halipo. Watu walikuuliza siri yako. "Hii haifundishwi," ulikuwa ukiwajibu. "Iko kwenye damu." Subiri, tutafika hapo kwenye damu.

Baada ya kukuzika, Mama alikaa na baridi ya shambani kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitano. Hakulalamika. Lakini alikuwa akivaa koti lako, anachukua kahawa, anakwenda bandani kukaa ndani ya trela lililozimwa, dawa ya pinki ikiwa kwenye mabomba yasigande, anatazama ukuta kupitia dirisha la jikoni. Darrell alimkuta huko mara tatu. Mara ya tatu akanipigia, tukaanza kuzungumza juu ya kuliuza trela.

Ikaja barua ya kambi mwezi wa Agosti. Walisema kiwanja chenu walikihifadhi msimu mmoja kwa heshima yako, hawawezi miwili. Trela lisipokuwa mahali pake kufikia tarehe ishirini Novemba, kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na orodha hiyo unaijua ilivyo ndefu. Darrell naye alikuwa ameshapata mnunuzi, bwana mmoja wa Jamestown. Tukakaa mezani, sisi watatu.

"Mama, nani atalivuta?" Darrell akauliza, kwa upole, maana hakuwa na ubaya.

"Mimi."

"Umri wako miaka sabini na mitano."

"Naujua, nilikuwepo."

"Na hujawahi kulirudisha nyuma hata siku moja."

"Lori la ngano nimelirudisha kwenye ghala lako mavuno arobaini na matatu," Mama akamwambia. "Mengine wewe ulikuwa pembeni yangu kwenye kikapu, unanyonya kidole."

"Lori halikunjiki katikati, Mama."

Hapo alikuwa na haki, na Mama alijua. Akakunja kitambaa cha meza pembe kwa pembe. Kisha akasema, "Basi tuahidiane. Nikilifikisha kiwanjani na kuliingiza kwa mikono yangu, neno la kuuza lisitajwe tena nikiwa hai. Mtu akinishikia usukani, hata kwa dakika moja, mpe huyo wa Jamestown na sitasema kitu." Maji alishayavulia nguo. Usiku ule hakulala, kaniambia mwenyewe. Aliogopa kushindwa, na aliogopa zaidi Januari nyingine mle bandani.

Septemba akaanza mazoezi uani, kati ya marobota ya majani makavu. Siku ya kwanza aliangusha matatu. Siku ya pili aliangusha manne, na tangi la dizeli likapata mbonyeo ambao Darrell anajifanya hajauona. Siku ya tatu trela lilijikunja mpaka likakaribia kuvunja kioo. Mama akazima injini, akakaa mle ndani ya pikapu, akakugombeza kwa sauti. "Arvid, miaka kumi na mitano yote hiyo ulikuwa unafanyaje? Hukuweza hata kuniambia?"

Alipoinamisha kichwa ndipo akaona ule utepe mweusi wa mafundi umeme uliozungushwa chini kabisa ya usukani. Umekuwepo pale miaka yote. Sisi sote tulidhani umeziba mpasuko. Mama akaubandua kidogo kwa ukucha. Ngozi chini yake ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Na juu ya utepe, mahali pamoja tu, palikuwa pameng'aa kwa kusuguliwa na dole gumba.

Akaweka mkono wake pale. Akawasha injini, akausogeza mkono kushoto, na mkia wa trela ukaenda kushoto. Akausogeza kulia, ukaenda kulia. Ukishika usukani juu, trela linakwenda kinyume nawe. Ukishika chini, linakufuata lenyewe. Kumbe hiyo ndiyo damu, Baba. Njia ya mwongo fupi. Mama alinipigia simu anacheka mpaka nikadhani ameanguka, na ndiye aliyesisitiza jambo hili liandikwe gazetini ili kila uliyemringia alisome.

Tuliondoka tarehe kumi na mbili Novemba. Mimi nilikubaliwa kufuatana naye kwa sharti la kuweka mikono yangu magotini. Tulipolivuta trela nje ya banda tukakuta matairi yote manne ni mapya. Mama akamtazama Darrell.

"Mnunuzi alitaka matairi mapya," Darrell akasema, huku anaangalia ng'ombe.

Mama alimshika shavu tu, akapanda.

Siku tano barabarani aliendesha yeye, akitafuna alizeti zako na kutema maganda kwenye kikombe kama ulivyokuwa ukifanya na ukikatazwa. Kila tulipovuka mpaka wa jimbo alipiga honi mara moja. Theluji ilituacha siku ya tatu. Siku ya nne akavua koti lako, akalitupa kiti cha nyuma, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa mwendo ambao mchungaji asingeutambua.

Tulifika kambini tarehe kumi na saba, saa tisa alasiri. Tulikuwa hatujafika hata langoni, viti vimeshatoka. Mbele kabisa alikaa Milo Haverkamp wa Nebraska, jirani yenu wa kiwanja cha ishirini na tatu, na fimbo yake mapajani.

"Verna, tumekaa tangu saa sita," akasema. "Tangu Arvid afe hatujapata burudani ya maana."

"Basi kaa vizuri, usije ukachoka," Mama akamjibu.

Kiwanja unakijua: kulia mti wa miiba, kushoto kibaraza cha Milo. Mara ya kwanza trela liliingia limepinda, akalitoa. Wanaume sita wakainuka kwenda nyuma kumwongoza, na kila mmoja anapunga upande wake. Mara ya pili tawi lilikwaruza paa, sauti ile ikanipita mwilini. Akalitoa tena. Jasho lilimshuka, na zile siku tano zikaonekana usoni mwake zote kwa pamoja.

Milo, ambaye Mama alishamsimulia ile ahadi kwa simu, akaja mlangoni. "Shuka, dada. Nakuwekea, dakika mbili tu. Darrell yuko mbali, hakuna atakayemwambia."

Nakiri, Baba, niliomba moyoni akubali. Niliona aibu kwa ajili yake na nilitaka iishe. Mama alimtazama Milo, akatazama mkono wake mwenyewe kwenye usukani. Kisha akashuka kweli, na mimi nikadhani ndiyo basi tena, trela limekwenda Jamestown.

Hakumpa Milo funguo. Alizunguka, akafungua trela, akatoa kile kiti chako cha kijani chenye mkono uliochanika. Akakipeleka nyuma, upande wa kushoto, pale kioo kinapofika, akakikita mchangani mahali aliposimama yeye miaka kumi na mitano. Wale wanaume sita wakamwangalia bila kujua waweke wapi mikono yao.

"Kaeni chini wote," akawaambia. "Leo ni zamu yake." Halafu akakigeukia kile kiti. "Na wewe, sheria unaijua. Wa nje hapigi kelele."

Wakakaa. Mama akapanda, akaweka mkono wa kushoto chini, juu ya utepe wako, jicho kiooni. Trela likaanza kurudi taratibu, mkia kushoto kidogo, kulia kidogo, likanyooka. Lilipita mti, likapita kibaraza, likaendelea kukifuata kiti, nami nikafumba macho. Likasimama.

Milo alikwenda nyuma na fimbo yake, akainama, akapima kwa mkono nafasi kati ya trela na kiti. Alikawia huko kuliko ilivyohitajika, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Shubiri moja," akawatangazia. "Arvid alikuwa anaacha mbili."

Watu waliinuka vitini mwao, Baba. Wazee wa miaka themanini walipiga makofi na sufuria, bibi mmoja wa Minnesota akapuliza baragumu la mjukuu wake. Mama hakusikia kitu. Alikuwa bado ndani ya pikapu, analia na kucheka, na simu sikioni.

Darrell alipokea mlio wa kwanza. Mama hakumwambia kama ameweza au ameshindwa. Alimuuliza tu, "Baridi kiasi gani huko?"

Nikasikia mlango wa huko ukifunguliwa, akaenda kuangalia kipimajoto. Kisha nikasikia kaka yangu, mtu mzima wa miaka hamsini, anajibu huku analia. "Nyuzi sita chini ya sifuri, Mama."

Akashuka, akapangusa vumbi ambalo halipo, akaanza na Milo. Akapita kiwanja hadi kiwanja, vyote arobaini, akitangaza.

Kiti chako alikiacha kulekule nyuma siku zote hizi, hakutaka kiguswe. Leo asubuhi amekileta mwenyewe mbele, akakiweka kando ya chake, juani. Amemimina kahawa vikombe viwili. Cha kwako kilipopoa alikinywa pia, kwa sababu kahawa haitupwi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Verna, aliye kiwanja namba ishirini na mbili na atakayekuwepo hadi Aprili, mwanao Darrell na mkewe Connie, walio shambani na barafu, bintiyo Lorna, wajukuu zako Tessa na Anders, na Milo Haverkamp, ambaye sasa naye ana utepe kwenye usukani wake.

Kila asubuhi baridi inapotangazwa jangwani hapa, Baba, ni wewe tunayekukumbuka, na haitapita asubuhi bila kutangazwa.