Bastola ya Dola Mia Mbili na Sitini

Lexington, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kuvuta na kifua kimetulia. Mimi mzima, ila mkono wa kushoto bado umo ndani ya plasta, unawasha hadi najikuna kwa mpini wa mwiko. Daktari anasema mpaka katikati ya Aprili.

Asante kwa maharage na mkate wa mahindi wa Jumapili. Sasa nakuomba usichelewe kuijaribu bastola niliyokuachia. Nilikuona ulivyoitazama kwa jicho la pembeni nilipoiweka mezani. Dola mia mbili na sitini ndizo nilizokuwa nazo, baba. Hata kazini wananicheka, eti nimenunua kibiriti. Tammy kaniambia, "Rahisi huvunja upishi, dada." Nikamjibu kwetu bunduki haiulizwi bei. Inaulizwa kama baba yangu, fundi wa bunduki wa bonde zima, ameipiga risasi mia mbili bila kukwama hata moja, basi. Ningeipiga mwenyewe, lakini kwa mkono mmoja hata kuikoki siwezi.

Curtis nimemwona juzi. Huyo mtu akiambiwa talaka anasikia likizo. Zuio la mahakama linamtaka akae futi mia tano kutoka kwangu, naye alisimama ng'ambo ya barabara kama kazihesabu kwa hatua, ameegemea gari, anakula tufaha. Nilichosema mezani kwako nilikisema kweli: aliyenivunja mkono akija kuvunja wa pili, nafyatua.

Mwanao,
Rhoda

*

Bonde la Pigeon, 15 Machi

Binti yangu Rhoda,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo lina maneno. Mbwa kapuliziwa na kicheche tena, usiulize nyumba inanukaje.

Bastola yako nimeipasisha. Risasi mia mbili, nimezipiga siku mbili kule nyuma ya banda, haikukwama hata mara moja. Nilidhani itanicheka, kumbe ni kitoto chenye adabu. Shangazi yako Opal atakuletea Jumamosi pamoja na karatasi ya shabaha, uone matundu mwenyewe.

Nimekuachia risasi moja kwenye chemba tayari. Usiifungue wala kumpa mtu aifungue, hata kuisafisha. Kila fundi ana mkono wake, na wangu umeshapita. Ivae kiunoni, funika na shati, ulale usingizi wako.

Baba yako

*

Lexington, 20 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za goti, na za mbwa mnuka? Mimi nimenenepa! Mkono umepona, na wagonjwa wangu wananilisha pai kila nyumba ninayokwenda kuwaogesha. Mzee Pruitt, yule mwenye kisukari, anajifanya hapendi kitindamlo kisha anaficha vipande chini ya mto.

Naivaa kila siku, baba. Asubuhi natafuta funguo, simu, na yeye. Wiki za kwanza nilikuwa naigusa kila hatua, sasa naisahau mpaka ninapoketi. Karatasi yako nimeibandika kwenye friji. Nikirudi nimechoka naiangalia, nasema sawa, mia mbili. Zamani nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa hadi kwenye gari. Siku hizi natembea kama mtu aliyelipa kodi.

Tammy anataka twende uwanja wa shabaha wa Bi Wanda Jumamosi, nami nizoee kuipiga. Unasemaje?

Mwanao,
Rhoda

*

Bonde la Pigeon, 1 Julai

Rhoda,

Marahaba. Tuko salama, nyanya zimeanza kuiva.

Uwanjani usiende. Risasi ghali, na chombo kizima hakipelekwi hospitali. Kupiga bastola nilikufundisha ukiwa na miaka tisa, hilo halisahauliki. Mtu akiiona tu, atageuka. Mara tisa kwa kumi ndivyo inavyokuwa.

Jambo jingine, usinikasirikie. Curtis alibatizwa mtoni mwezi wa Mei, hapa kanisani kwetu. Alilia hadi mchungaji akalia. Watu hubadilika, mwanangu. Sisemi urudi. Nasema tu.

Baba yako

*

Lexington, 18 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali vipi wakati mimi mwenyewe naandika kwa jicho moja. Mbavu tatu, taya, na jicho la kulia limefumba. Nipo kwa Tammy. Usije kwa sasa, sitaki unione hivi.

Ilikuwa saa sita mchana, uwanjani kwa Mzee Pruitt. Nashuka garini, Curtis huyo, anakuja. Nilimwambia asimame mara tatu. Nikaichomoa, mikono haikutetemeka, ungejivuna. Nikafyatua. Tik. Nikafanya ulivyonifundisha, nikagonga kitako, nikakoki, nikafyatua tena. Tik. Basi akanifikia.

Mzee Pruitt ndiye aliyeniokoa. Alisimama barazani na kile kigari chake cha kutembelea, akapiga mayowe ya matusi ambayo sikujua anayajua, mpaka majirani wakaja na gari. Curtis yuko ndani. Lakini wakili wake anasema alikuja kuomba msamaha kwa amani, mimi nikamfyatulia mara mbili, naye alinipiga kuokoa roho yake. Wanaweza kunishtaki kwa kujaribu kuua, baba. Mimi!

Nisamehe. Uliipiga risasi zako mia mbili kwa mikono yako, halafu kile kibati kikanigeuka siku moja niliyokihitaji. Walinionya wote kuhusu bei. Miezi sita nimelala nacho kando ya mto nikikiamini kuliko watu. Nina hasira nacho hadi nataka kukitafuna.

Mwanao,
Rhoda

*

Bonde la Pigeon, 25 Septemba

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Sijala tangu barua yako ifike.

Kitu cha rahisi ni cha rahisi, hata kikipimwa. Si kosa lako. Polisi wakikurudishia, kitupe mtoni, usimpelekee mtu yeyote kukikagua, utapoteza hela bure. Njoo nyumbani.

Baba yako

*

Lexington, 19 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mbavu zinaunga. Nakula vya kutafuna tena.

Walinirudishia bastola. Sikuitupa. Nilimpelekea Bi Wanda, nikiwa bado nataka kujua kibati kilinikosea wapi. Akaifungua mbele yangu. Pini ya kufyatulia, ile inayogonga risasi iwake, haina ncha. Haikuvunjika, baba. Imekatwa, ikapigwa tupa, ikasuguliwa hadi inang'aa. Bi Wanda akaigeuza kwenye taa, akasema, "Aliyefanya hii ana mkono mzuri na hakuwa na haraka."

Nikamwambia haiwezekani, nina ushahidi. Nikatoa karatasi yako. Akachukua risasi moja ya milimita tisa, ya kwangu, akaisukuma kwenye tundu. Ikapita ikadondoka sakafuni. Yale matundu ni ya bastola ya arobaini na tano, yenye risasi nene kuliko zangu. Mwenye arobaini na tano ni wewe.

Akaweka pini mpya ya dola kumi na nane. Nikasimama pale na mbavu zangu nikapiga risasi mia mbili mwenyewe, nikizihesabu kwa sauti. Haikukwama hata moja. Nililia kama mjinga. Nilikuwa nimeitukana mwezi mzima, na yenyewe ilikuwa nzima tangu dukani.

Miezi sita ulinitembeza na chuma kilichokufa. Ukaniambia nilale usingizi. Nikakuandikia kwa jicho moja kukuomba msamaha, na wewe ukakaa ukaandika "kitu cha rahisi ni cha rahisi." Ulishikaje kalamu?

Sasa sikiliza. Curtis alikuwa anacheka KABLA ya tik ya kwanza. Nilipomwelekezea, hakujikunyata, hakusimama. Alisema, "Fyatua, mke wangu, fyatua tu." Hakuna mtu anayecheka hivyo mbele ya bastola kama hajaambiwa. Ulimwambia? Kama alijua, basi hakuwa anaokoa roho yake, na hakimu lazima alisikie hilo. Mimi sina shahidi mwingine. Kesi yake ni tarehe 14 Novemba, saa tatu. Njoo uliseme.

Rhoda

*

Bonde la Pigeon, 30 Oktoba

Rhoda mwanangu,

Nimeandika barua hii mara nne.

Ndiyo. Nilimwambia. Mwezi Agosti alikuja akanikatia kuni, akakaa mezani pangu, akasema anataka kuja kukuomba radhi ila anaogopa utampiga risasi. Nikamwambia asiogope, haipigi, niliikata mwenyewe. Niliona nazuia damu. Nilimwamini kwa sababu ya maji yale ya mtoni.

Pini niliikata Machi kwa sababu ya macho yako siku ile mezani. Uliposema utafyatua, niliona mtu atakayefungwa maisha. Nikasema heri avae ya kutisha tu. Nilikuwa naogopa kukupoteza, na sikujua namna nyingine.

Lakini mahakamani usinitake. Nina miaka sabini na moja. Bonde zima huniletea bunduki zao kwa sababu ya neno langu. Nikisimama pale niseme niliikata ya binti yangu nikamwambia adui yake, nitarudi hapa kuishi na nani? Nimekuambia wewe, na Mungu anajua, hiyo itoshe. Chana barua hii ukishaisoma. Njoo sikukuu ya Shukrani, nitaoka nyama ya paa.

Baba yako

*

Lexington, 6 Novemba

Baba,

Barua yako sikuichana. Nimempelekea mwendesha mashtaka asubuhi hii, na bahasha yake, na ile karatasi ya matundu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika, maana ni baba yangu. Nikamwambia aisome mara ya tatu.

Anasema karatasi peke yake haitoshi, lazima mwandishi asimame mwenyewe. Jumatatu sherifu atakuja kwako na hati ya kukuita. Akigonga, mfunge mbwa, usimpe shida, yeye katumwa tu.

Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele, upande wa kulia, na jicho langu la kulia bado lina damu. Ukiulizwa, usimwangalie mchungaji wala Curtis. Niangalie mimi, useme.

Rhoda