Springi Haikuwa na Kosa

Jumamosi, Januari

Nimeitengeneza mwenyewe! Wiki nzima bastola yangu imekuwa ikinitia aibu kule kwenye mazoezi ya shabaha. Kila nikifyatua, sehemu ya juu inarudi nyuma, halafu inakwama kabla ya kufunga. "Springi imekufa, Mama Neema. Iuze tu," mume wangu akasema. Nikanunua springi mpya, nikaifunga. Bado.

Leo nimetoa risasi zote, nikaifungua mezani na kugusa ile springi mpya. Ilinata. Nikanusa. Mafuta ya mgando, yaleyale tunayompaka Neema akitoka kuoga!

"Baba Neema, nani ameipaka hii?"

Akakuna kichwa. "Niliilainisha ndani kidogo tu, kabla haijaanza kukwama. Mama alikuwa akipaka cherehani yake hivyohivyo."

Cherehani ya Morogoro! Hapa bastola inalala garini kwenye baridi ya Minnesota, mafuta yanaganda kama samli. Nimefuta yote, nikatia oili ya bastola. Sasa inafunga kila mara.

Naiogopa bado, sikatai. Lakini kuwa nayo bila kuielewa kuliniogopesha zaidi.

Sasa hivi Baba Neema amekuja taratibu, bastola yake mkononi. "Na yangu utaitazama?"

Nimemwambia apange foleni.