Sindano Ingali Kwenye Mukono wa Koti

Nengo, Gisenyi, Novemba 1999

Mama Uwera,

Nakusalimia, we uliyehamia kwa mujukuu. Ujue mi sasa ni fundi. Nengo yote wanasifu mushono wangu.

Bon, nadanganya. Wanacheka. Suruali ilipasuka matakoni, nikatia kiraka cha kitenge chako cha zamani, kile cha majogoo. Jumapili nilipopiga magoti kanisani, jogoo akawa anatazama watu wa nyuma. Nyirahabimana, jirani yetu anayevuka kuuza viazi huko Goma, huyu anayekuletea barua hii, akaniuliza, "Muzee, jogoo yako inawika saa ngapi?"

Nikamujibu, "Siku mama ya nyumba atarudi."

Akaanza kuniambia bei ya viazi. Donc hata yeye amesikia kama Uwera anataka ubaki huko kabisa. Ulienda kumusaidia akizaa, sasa mutoto anatembea. Mi sigombani na binti yangu. Nauliza tu.

Kitenge kilichobaki nimeshona foronya, iko upande wako wa kitanda. Imekaa mushazari, lakini kichwa changu hakilalamiki.

Koti langu liko kwenye musumari, mukono umeshonwa nusu, vile uliacha. Macho yako yalikataa tundu ya sindano, nikakutungia uzi, ukasema, "Nitamaliza nikirudi." Sindano ingali pale. Nyirahabimana alitaka kumalizia, nikamukatalia.

Kazi yangu ya kutunga uzi niliifanya. Njoo ushone mukono wangu.

Ni mimi muzee wako,
Siméon