Mume Wangu Amelewa Bila Kunywa

Mwamkulu, Jumapili, Agosti 1996

Jua kali tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye masufuria. Nina wivu. Afadhali niseme mapema.

Mimi ni mpika wanzuki, pombe ya asali, na mlevi namjua hata akiwa mbali. Kwanza anacheka ovyo, kisha anatoa ahadi, mwisho anagawa mali. Mume wangu Masanja hanywi. Nilikuwa nawaringia wenzangu kisimani kwa hilo.

Jana alirudi kutoka kwenye ngoma za mavuno akicheka peke yake. Nikamsogelea, nikanusa mdomo wake. Hakuna harufu.

"Umekunywa nini, baba Limi?"

"Sijagusa kitu, mama Limi. Nimefurahi tu."

Amelewa.

Nilikuwa nasikia fulani amelewa cheo, fulani amelewa sifa, nikaona ni maneno ya redioni tu. Kumbe dalili ni zilezile za wateja wangu. Alipitiliza mlango wetu akaenda kusimama zizini, akiimba wimbo wa Kabula, binti wa jirani aliyeongoza ngoma. Anacheza vizuri, sikatai. Namchukia kwa kicheko chake. Namchukia zaidi kwa sababu mwaka jana hata mimi nilimpigia makofi.

Leo mlevi wangu amefika kwenye kugawa mali. Anamuoa Kabula. Wazee wa upande wa binti watakuja hapa kuchagua ng'ombe wa mahari, na mmojawapo atakuwa yule mweupe niliyemlea mwenyewe baada ya mama yake kufa. Halafu akaniomba niwapikie wageni wanzuki, eti hakuna anayenishinda mji mzima.

Nami, mjinga, nikasikia raha kidogo kusifiwa.

Asali imeshaletwa kutoka Mwese. Nikiiharibu, watasema ni wivu. Nikiipika vizuri, nitakuwa nimemuozesha mume wangu kwa mikono yangu.

Lakini kwetu mpishi wa pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wote waone haina sumu. Baba yake Kabula atakaa na kata yake mkononi akiningoja nimeze. Nisipomeza, hakuna atakayekunywa, na hakuna ng'ombe atakayetoka zizini.

Kesho naanza kupika. Siku ya wageni wakiniangalia wote, na Masanja akiniangalia, nitaweza kweli kufunga mdomo nisionje?