Chuma cha Mguu wa Baba

Kibomet,
Kitale.
7 Septemba 2025

Mpendwa Senge Roselyne,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje, na joto la Lodwar linakuacha upumue kidogo? Sisi tu wazima, mahindi yamekomaa, na binti yangu Emmy ameanza kukimbia kabla hajajua kutembea vizuri.

Sasa habari ya Baba, kaka yako. Kwa simu singeimaliza.

Unajua tangu awekewe chuma alipovunjika mguu, kidonda kilikuwa kinakauka akimeza dawa, akimaliza usaha unarudi. Daktari alishaanza kutaja kukata mguu. Senge, niliogopa sana. Mimi ndiye hupima dawa hapa maabara, na kila nikipima, bakteria walikuwa wanakufa!

Kumbe tulikuwa tunawapima wakiwa wanaelea majini. Safari hii tukawaotesha juu ya vipande vidogo vya chuma mpaka wakashikamana na kujifunika utando. Dawa ile ile ikapita juu yao kama mvua juu ya mabati. Daktari alipoona majibu, akasema mfupa umeshaunga, chuma kitolewe ndipo dawa ifanye kazi.

Baba akakataa katakata. Ati hicho chuma ndicho kinamsimamisha. Nikaenda nyumbani kwake Naitiri, nikamkuta anasugua kibuyu cha maziwa lala kwa kijiti, vile mlifunzwa na Kukhu, mama yenu. Nikamuuliza kwa nini hasuuzi tu na maji.

"Ukoga si utabaki ndani, bana? Maziwa mapya itaharibika."

Nikamwambia chuma chake kimeshika ukoga kama huo, na dawa ni maji ya kusuuza tu. Akakitazama kibuyu.

"Kwa hivyo mguu yangu imekuwa kibuyu?"

Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akakohoa, akakubali.

Chuma kilitolewa, akameza dawa, na kidonda kimefunga kabisa. Lakini hakunipa amani: alitaka chuma chake, ati hawezi kuacha kitu cha mwili wake kwa watu. Jana nikampelekea, kikiwa kimechemshwa vizuri. Alinipokea langoni bila mkongojo, akakitia mfukoni, akatangulia nyumbani. Nilibaki nyuma nikipangusa machozi.

Msalimie mume wako Kiplimo, na binti yenu Sellah pia. Mungu azidi kuwalinda nyumbani mwenu. Baba anasema uje Krismasi. Atakupokea stendi mwenyewe, na mzigo wako ataubeba yeye.

Mwana wa kaka yako akupendaye,
Hesbon Wabwile