Mazishi ya Kiasi

Rafiki yangu Kinoti,

Baridi ya Kibirichia imerudi. Mkeo, Mama Mwenda, anakula kidogo na kulala kidogo, lakini ng'ombe anamkamua mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mimi nimechoka, na si kwa kazi.

Kule hospitalini uliniambia, "Mwalimu, mnizike kwa kiasi. Hotuba zisinicheleweshe, watu watakuwa na njaa." Nikakuahidi. Neno hilo, kiasi, nimelifundisha miaka mingi kanisani, tunda la mwisho la Roho, nikilieleza mpaka unanikatiza kutoka benchi la nyuma: "Mwalimu, kengele imelia." Wengi hudhani kiasi ni kujinyima. Wewe hukujinyima chai wala kicheko. Lakini ng'ombe wa jirani alipomaliza viazi vyako, ulizunguka shamba lote kimya, kisha ukamwambia mwenye ng'ombe, "Huyu ameshiba. Leo usimpe nyasi." Hasira ulikuwa nayo, ila kamba yake uliishika wewe. Ubaoni sikuwahi kulieleza vizuri hivyo.

Basi siku ya kukuzika niliongoza shughuli, nikashika kipaza sauti na kufupisha hotuba ulivyotaka. Mwanao Mwenda alikuwa amemwalika mheshimiwa, akitumaini kukumbukwa kwa kazi pale kaunti. Mheshimiwa alifika jeneza likiwa limeshainuliwa kwenda kaburini. Nikamwomba asalimie tu. Alisalimia, akaketi, akaondoka kabla ya chakula. Mwenda akaniambia mbele ya wazee, "Mwalimu, umenifungia mlango." Tangu hapo ananipita kwenye ua kana kwamba mimi ni mti.

Sokoni wanasema nilifanya kwa wivu. Majibu ninayo, Kinoti, tena mengi, nimeyapanga kama somo. Kila asubuhi nayapanga upya. Kumzuia mheshimiwa na kipaza sauti ilikuwa kazi ndogo. Huu mdomo wangu, unaoujua, ndio unaonichosha.

Jumamosi mawingu yalishuka kutoka mlimani Mwenda akiwa anachimba viazi peke yake. Nilichukua gunia nikaanza kuokota upande wa pili. Mvua ilipotufukuza, akasema bila kunitazama, "Mwalimu, chai iko." Nikaingia, nikaketi karibu na moto, maelezo yote yakiwa kwenye ncha ya ulimi. Mama Mwenda akanitazama. Nikanywa chai. Mwenda hakuuliza kitu, lakini kikombe kilipoisha alinijazia tena.

Laiti ningeweza kukuuliza kama hiyo ilitosha.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Nakuahidi nitaendelea kwenda pale kwako. Siku Mwenda atakapotaka kujua, nitamwambia yale uliyosema hospitalini, kama ulivyoyasema, bila kuongeza langu. Asipouliza, nitamsaidia kupanda.

Wako,
Mwalimu